Saa ya Ukutani na Wito wa Saa Tatu na Robo

Shemeji yangu hamwamini mtu anayemjibu haraka. Akiambiwa chai ina sukari, ataonja kwanza. Akiambiwa tangi limejaa, atapanda juu ya bawa la ndege, atafungua kifuniko, atachovya kijiti alichokichonga mwenyewe, kisha atakiinua kwenye mwanga akitazame kwa jicho moja. Wahudumu wa mafuta wakampa jina la Mama Kijiti. Analijua na halimuudhi. Ameruka miaka ishirini na sita bila kukwaruza hata rangi ya ndege, kwa hiyo hakuna anayemcheka mbele yake. Ila kuishi na mtu wa namna hiyo kunachosha, na mimi nimemwoa mdogo wake, tena mimi ndiye fundi wa redio zake. Sina pa kukimbilia.

Alianza kazi uwanjani akiwa karani wa mizani. Alipima vifurushi, akaandika kilo, akabandika karatasi. Mshahara ukitoka, ananunua saa moja ya mafunzo ya urubani, kisha anarudi kwenye mizani mwezi mzima kusubiri nyingine. Ilimchukua miaka saba. Mumewe alimwacha katikati ya ile miaka, au yeye ndiye aliyemwacha mumewe, inategemea unamwuliza nani. Alipopata leseni, mwajiri wake alimpa ndege ndogo ya injini moja, ile ile aliyokuwa akiipakia vifurushi. Ndiyo anayorusha mpaka leo: chanjo, barua, vipuri, na mara mojamoja mpima ardhi anayetapika.

Uwanja wetu hauna mnara wa kuongozea ndege. Kuna njia ya kurukia, banda la ndege, kibanda cha mafuta na ofisi ya chumba kimoja. Marubani wanaongozana wenyewe kwa redio. Wote wako kwenye masafa mamoja, na kila mmoja anataja alipo na anakoelekea ili wenzake wampishe. Bonde lenyewe ni jembamba na wanaligawana watu wanne: shemeji, ndege mbili za shule ya urubani, na helikopta inayokagua nyaya za umeme. Rubani wa helikopta tunamwita Mapanga. Ni mtu wa mzaha, ana mdomo usiopumzika, na anapenda kutafuna njugu akiwa kazini.

Kuna jambo moja kuhusu redio za ndege ambalo lazima nilieleze, maana kisa chote kimelala hapo. Mtu akibonyeza kitufe aseme, hasikii. Kwa hiyo wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja, kila mmoja anaamini amesema, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Anayesikiliza pembeni anapata mlio tu wa kukwaruza. Kila rubani anajua hili tangu wiki ya kwanza shuleni, na kwa kuwa kila mmoja analijua, hakuna anayelifikiria.

Shemeji alijilinda kwa daftari. Lilikuwa la jalada la kijani, limefungwa kwa mpira, na halikutoka mfukoni mwake. Kila alipopiga wito aliandika saa, mahali, na jina la aliyemjibu. Hesabu yake ilikuwa kwamba wito haujafika mpaka mtu aujibu. Asipojibiwa anarudia, na asipojibiwa tena anaanza kumshuku mtu.

Basi Mamlaka ya anga wakatuletea waraka. Ulikuwa na kurasa mbili na mihuri mitatu. Kuanzia siku ile, kila chombo kilicho ndani ya bonde kitaje mahali kilipo kila robo saa, kwenye saa kamili, na robo, na nusu, na kasorobo, si kabla wala si baada. Sababu iliyotolewa ilikuwa utaratibu. Nilipousoma niliona hauna ubaya. Shemeji aliusoma mara mbili, akaukunja na kusema, "Hawa hawajawahi kukaa watu wanne kwenye redio moja."

Aliwaandikia barua tatu akieleza kwamba watu wote wakiambiwa waseme dakika moja, watasema dakika moja. Alijibiwa barua moja kwa zote tatu, kwamba suala lake limepokelewa na linafanyiwa kazi. Hapo damu ikamchemka. Akakata kauli kimyakimya kwamba wito wake ataupiga dakika nne baada ya kila robo, na hatamwambia mtu. Mimi niligundua kwa sababu redio zinapita mikononi mwangu na nina masikio. Sikusema kitu. Yeye hakuniomba nisiseme, alinitazama tu, na macho yake yakanitosha.

Miezi saba ikapita salama. Sasa najua kwa nini. Saa za wale wengine zilikuwa hazikubaliani. Ya Mapanga ilikimbia dakika mbili, na walimu wa shule ya urubani walikuwa na saa za mkononi za bei ya sokoni ambazo kila moja ilifuata saa za nchi yake.

Mkaguzi wa Mamlaka alipokuja akaliona hilo na likamkera. Huyu Mkaguzi si mtu mbaya, niseme ukweli. Ni mpole, shati lake halina kikunjo, na maneno yake pia kayapiga pasi. Lakini wapole ndio wanaonitia wasiwasi. Akarudi baada ya siku chache na saa kubwa ya ukutani, nyeupe, yenye mshale mwekundu wa sekunde. Akaitundika ofisini kwa mkono wake na kuagiza kila rubani aisawazishe saa yake na ile kabla ya kuruka. Wakatii wote isipokuwa mmoja.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatatu, Mkaguzi alikaa nyuma ya banda na redio ya mkononi asubuhi nzima. Shemeji alipotua alikuta barua ya onyo imeshapigwa chapa. Kosa moja zaidi, leseni itachukuliwa. Alisaini kwa kalamu yake mwenyewe, maana hakuiamini ya Mkaguzi, kisha akaenda chini ya ile saa na kuisawazisha ya mkononi mwake mpaka sekunde. Nilikuwepo.

Jumatatu hiyohiyo mchana nilikagua redio ya ndege yake. Ilikuwa zamu yake ya kila miezi mitatu. Nilikaza skrubu mbili, nikasafisha viunganishi, nikaijaribu ikaitika.

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, shemeji alipiga wito wake juu ya kona ya mto, kwa mara ya kwanza kama waraka unavyotaka. Hakujibiwa. Alikuwa ananyoosha mkono arudie ndipo helikopta ilipochomoza chini ya bawa lake la kushoto. Alivuta usukani kwa nguvu zote. Anasema walipishana karibu kiasi kwamba alimwona Mapanga taya limesimama na njugu mdomoni.

Walitua wote wawili wakafokeana kwenye lami mbele ya kila mtu.

"Hukuita!" Mapanga alisema.

"Mimi? Nimeita saa tatu na robo. Wewe ndiye uliyekuja kama mwizi."

"Nimeita saa tatu na robo barabara. Naapa."

"Usiniapie. Waapaji nawajua."

Mapanga aliwahi kuripoti, kwa hiyo aliyeripotiwa akawa shemeji. Mkaguzi alifika Jumatano. Ajali iliyoepukwa chupuchupu, siku moja baada ya onyo la maandishi, hakuna mtu aliyesikia wito. Akapanga kikao baada ya siku tisa, na kila mtu uwanjani alijua leseni ya Mama Kijiti imeshafika mlangoni. Ana miaka hamsini na miwili. Ikichukuliwa hatapewa nyingine, na kazi nyingine anayoijua ni ya mizani.

Kabla ya kuondoka Mkaguzi aliniita pembeni. Aliniuliza kama redio ya ile ndege ilikuwa nzima. Nikasema nzima, maana niliikagua mwenyewe na ilikuwa nzima. Akanipa karatasi nisaini, nikasaini. Nilikuwa nailinda kazi yangu na sikuona zaidi ya hapo. Sikufikiri kwamba redio ikiwa nzima na wito haukusikika, basi anayebaki wa kulaumiwa ni mwenye mdomo.

Na kuna jingine, nalo siwezi kulificha kwa kuwa aibu yangu ndiyo inayonifanya niandike. Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimeomba kazi ya ufundi kwa Mamlaka. Nilimwambia mke wangu tu. Mke wangu, Mungu amweke, hana siri na dada yake.

Shemeji alikuja nyumbani Alhamisi, saa za chai. Hakukaa kwenye kiti chake, alikaa kwenye stuli karibu na mlango.

"Shemeji," aliniambia, "Jumatatu uliishika redio yangu."

"Niliikagua. Ndiyo kazi yangu."

"Jumanne sauti yangu haikufika."

"Redio ni nzima, dada. Nimeijaribu tena jana."

"Najua ni nzima. Nimesikia umewaandikia." Alimtazama mke wangu, aliyekuwa amekishika kikombe asijue akiweke wapi. "Na nimesikia umewaomba kazi."

"Niliomba zamani, kabla ya haya."

"Kabla ya yapi?"

Mke wangu akasema, "Dada, kunywa chai kwanza." Shemeji akasema ahsante, ameshakunywa. Alipoondoka kikombe chake kilibaki kimejaa, na mke wangu alinipa mgongo siku mbili.

Niliumia. Lakini sina haki ya kulalamika sana, maana na mimi nilikuwa namshuku. Mwezi uliotangulia alianza kuvaa miwani. Wiki moja aliutafuta ufunguo wa gari lake mchana kutwa na ulikuwa kwenye friji. Nikajiambia: amesahau tu kuita. Amesahau, na atakufa kabla hajakiri. Kila nilipomwona anapita uwanjani na daftari lake mfukoni, nilikuwa nawaza kwamba wito wa Jumanne ameuandika baada ya kutua.

Siku ya saba mhudumu wa mafuta akaniita kibandani. Ana redio ya mkononi pale ili ajue ndege gani inakuja kunywa.

"Fundi, hii redio yako mbovu," alisema.

"Ina nini?"

"Inalia. Inakwaruza masikio kama sufuria inayokwanguliwa. Nimechoka, nikiona saa imefika naipunguza sauti."

"Saa imefika ya nini?"

"Ya kulia. Inalia kila robo. Si kila robo, lakini robo nyingi. Tangu Mkaguzi alete ile saa yake."

Niliifungua redio kwa mazoea tu. Ilikuwa safi. Nikakaa juu ya pipa. Nilimuuliza kama Jumanne saa tatu na robo ililia. Alisema ililia sana, ikafuata helikopta ikishuka kama inafukuzwa. Nilimuuliza mbona hakusema. Alisema hakuna aliyemuuliza, na kwa nini amwambie Mkaguzi kwamba fundi wetu hajui kutengeneza redio.

Kwa hiyo walikuwa wameita wote wawili. Saa mbili zilizosawazishwa kwenye ukuta mmoja, vidole viwili kwenye sekunde moja, na kila mmoja akamfunika mwenzake. Shemeji alivunja waraka miezi saba akasikika kila siku. Alipoutii asubuhi moja tu, hakuna aliyemsikia.

Ningekuwa mtu mzuri ningekimbia palepale kumwambia. Sikukimbia. Usaili wangu wa kazi kwa Mamlaka ulikuwa kesho yake. Nilienda, nimevaa tai, nikajibu maswali yao kuhusu antena, na neno hili nililiacha chini ya ulimi. Nilirudi nyumbani mke wangu akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia yote. Alinisikiliza, kisha akasema, "Kumbe dada hakukosea kukuogopa." Sikulala vizuri.

Kikao kilifanyika ofisini kwetu. Mkaguzi alikaa chini ya saa yake, kando yake mchapaji, mbele yake shemeji na Mapanga wametengana viti viwili. Niliitwa niithibitishe karatasi yangu. Nikaithibitisha. Kisha nikatoa ile redio ya kibandani nikaiweka mezani.

"Hiyo ya nini, fundi?" Mkaguzi aliuliza.

"Ni saa nne na dakika kumi na tatu. Naomba tusubiri dakika mbili. Ndege za shule ziko hewani zote."

Shemeji alinitupia jicho la kunipima, kama napandishwa kwenye ile mizani yake ya zamani. Mshale mwekundu ulizunguka. Ulipofika juu, redio ilikwaruza kiasi cha kumfanya mchapaji azibe masikio. Halafu ikanyamaza. Hakuna hata neno moja lililotoka.

"Hao ni watu wawili wanaotii waraka," nilisema.

Mapanga alimgeukia shemeji. "Uliita kweli."

"Na wewe uliita kweli," shemeji akasema, polepole, kama mtu anayelipa.

Mkaguzi aliigeuza ile redio mikononi. Alikuwa ameelewa, niliona shingo yake imebadilika rangi. Lakini mtu wa karatasi hurudi kwenye karatasi. "Hii inaonyesha kwamba jambo linaweza kutokea," alisema. "Haionyeshi kwamba Jumanne ile mama huyu alibonyeza. Ushahidi kwamba aliita uko wapi?"

Mfuko wa shemeji ulikuwa na daftari na sote tulijua. Nilijua pia lilikuwa na nini kingine. Miezi saba ya wito, saa na dakika, kwa mwandiko wake. Kila ukurasa ulimtetea na kila ukurasa ulimshtaki. Nilimgusa kiwiko nikamnong'oneza, "Dada, acha. Wataliona lote." Akauondoa mkono wangu.

"Ushahidi huu hapa," alisema, akavua mpira.

Mkaguzi alifungua. Alisoma ya Jumanne: saa tatu na robo, kona ya mto, nimeita, hakuna. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine.

"Hapa umeandika dakika kumi na tisa," alisema. "Na hapa thelathini na nne. Hapa kumi na tisa tena."

"Ndiyo."

"Waraka unasema robo kamili."

"Najua unachosema. Niliwaandikia barua tatu."

"Kwa hiyo ulikuwa unauvunja kwa makusudi."

"Mara mia mbili na kumi na moja. Nimeshakuhesabia, usijisumbue. Na kila moja ina jina la mtu aliyenijibu. Angalia." Alivua miwani akaifuta. "Mnifungie kwa nililolifanya. Lile ambalo sikulifanya msiniandikie."

Barua ilikuja baada ya wiki. Kwa tukio la Jumanne, hana hatia. Kwa kuukiuka waraka kwa makusudi mara mia mbili na kumi na moja, leseni imesimamishwa miezi sita. Waraka wenyewe unafanyiwa mapitio. Saa ya ukutani Mkaguzi aliishusha mwenyewe, akasema inakwenda kutengenezwa, na haikurudi. Barua yangu ilikuja siku hiyohiyo: nafasi imejazwa. Marubani hawakuambizana kitu, ila saa zao zikaanza tena kutokubaliana.

Miezi sita ile shemeji alikuja uwanjani kila asubuhi. Alikaa kwenye kibanda cha mafuta na redio na daftari, akiandika wito wa wenzake. Mwajiri alimrudisha kwenye mizani kwa nusu ya mshahara. Nikiwa njiani kwake ananiambia "Pisha," basi. Nilimshukuru Mungu kwamba alinisemesha hilo.

Siku moja aliliacha daftari wazi akaenda kupima mzigo. Nilitazama, sikatai. Ulikuwa ukurasa wa Jumanne ile. Saa tatu na robo, kona ya mto, nimeita, hakuna. Na pale penye nafasi ya jina la aliyejibu aliandika: Fundi? Hakuwa amelifuta.

Leseni ilirudi siku ya Jumatano, mawingu yakiwa yamekaa chini. Aliondoka saa mbili na nusu asubuhi. Ndege za shule hazikutoka kwa sababu ya mawingu, na Mapanga alikuwa bandani akibadilisha oili, mikono myeusi mpaka viwiko. Nilikaa kibandani na redio. Saa tatu na robo ilipita kimya. Saa tatu na dakika kumi na tisa sauti yake ikaja, safi, ikitanguliza namba ya ndege yake.

"Saba-Mbili, kona ya mto, futi elfu tatu, naelekea mashariki. Kuna mtu bondeni?"

Hakukuwa na mtu. Akarudia. Nilijua sasa hivi anainua kalamu. Mimi sina kibali cha kusema na ndege iliyo hewani. Fundi hujaribu redio chini, basi, na kosa hilo lina adhabu yake kwenye kitabu chao. Nikabonyeza.

"Saba-Mbili, nimekusikia. Bonde ni lako peke yako."

"Nani huyo anayesema bila kujitambulisha?"

"Ni fundi, dada."

Nilisikia injini yake nyuma ya kitufe alichokuwa amekibonyeza bila kusema.

"Fundi, nimekusikia," alisema. "Nakuandika."

Mhudumu wa mafuta alinitazama. Nikamrudishia redio yake, nikatoka kwenda kuona kama Mapanga anahitaji mtu wa kumshikia taa.